Miiba Katikati ya Baba Yetu

Katika karne ya 6 Benedikto wa Nursia aliwaandikia watawa wake kanuni ya maisha, na kwenye sura ya 13 kuna agizo dogo ambalo ningelipita haraka kama si sababu aliyoitoa. Anasema sala ya asubuhi na sala ya jioni zisiishe kamwe bila mkuu wa nyumba kusali Baba Yetu yote kwa sauti, kila mtu akisikia. Katika vipindi vingine inatosha sehemu ya mwisho tu itamkwe kwa sauti. Mbona asubuhi na jioni iwe yote? Kwa ajili ya miiba, anasema: miiba ya magomvi ambayo huota palipo na watu wanaoishi pamoja. Wakisikia wanamwahidi Mungu kwamba wanawasamehe wadeni wao, wajisafishe na kinyongo.

Hawa walikuwa watu waliokusanyika kusali mara saba mchana, na tena usiku. Kama wingi wa sala peke yake ungemtengeneza mtu, wao wangekuwa wametengenezeka hadi kucha. Benedikto hakujidanganya. Alijua mtawa anaweza kutoka kwenye zaburi akakuta mwenzake kachukua jembe lake bila kuuliza, na lile jembe likaingia naye kwenye zaburi inayofuata.

Nimelifikiria sana jembe hilo. Tunapojifunza kusali huwa tunauliza tusali saa ngapi, kwa maneno gani, tukiwa tumefunga au la. Ni maswali ya haki, nami nimeyauliza. Lakini ukiisoma Biblia ukiwa na swali la sala mkononi, utaona inahangaika zaidi na jambo jingine: unakuja ukiwa umemtendea nini nani, na unamtazamaje aliyekaa karibu nawe.

Chukua Baba Yetu yenyewe. Katika Mathayo 6 Yesu anaifundisha sala yote, na akimaliza anarudi kufafanua ombi moja tu. Harudi kwenye mkate wala kwenye ufalme. Anarudi kwenye "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu," na anasema wazi kwamba tusipowasamehe watu, Baba naye hatatusamehe sisi. Ni ombi la ajabu ukilitazama vizuri, maana mwombaji anajiwekea kipimo mwenyewe. Mtu mwenye kisasi moyoni akilisali kwa makini, anaomba atendewe vilevile anavyomtendea adui yake. Pengine ndiyo sababu wengi wetu hulisali mbio mbio.

Baadaye, katika Mathayo 18, Petro anauliza asamehe mara ngapi, na anajibiwa kwa mfano wa mtumwa aliyekuwa na deni la talanta elfu kumi. Hapa hesabu ina utamu wake. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Talanta elfu kumi, basi, ni ujira wa siku milioni 60. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, angehitaji miaka 200,000 kulimaliza. Na huyo mtumwa, akiwa amepiga magoti, anasema "nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Angalia maombi yake yalivyo: yana machozi, yana magoti, na hayana ukweli hata chembe. Anasamehewa hata hivyo. Kisha anatoka nje na kumkaba koo mwenzake kwa dinari mia, deni ambalo kweli lingelipika kwa miezi michache. Yule mwenzake anapiga magoti na kutumia maneno karibu yaleyale aliyoyatumia yeye dakika chache kabla. Mtumwa haoni kwamba anasikiliza sala yake mwenyewe, ikirudi kwake kwa sauti ya mtu mwingine.

Lakini kisa kinachonisumbua zaidi ni kile cha madhabahuni, Mathayo 5:23–24. "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Mahubiri mengi niliyosikia juu ya mistari hii yanahusu kinyongo changu: je, nina mtu nisiyemsamehe? Kumbe maandiko hayasemi hivyo. Yanasema ndugu *yako* ana neno juu *yako*. Yeye ndiye aliyeumia. Mimi huenda nimelala vizuri, nimeamka na amani tele, nimeimba njiani kote. Dhamiri yangu haina habari. Ninachotakiwa kuulizia, kwa hiyo, ni hali ya moyo wa mwingine, moyo ambao nimeuumiza nikaendelea na shughuli zangu.

Kuna jambo la jiografia pia. Waliokuwa wakimsikiliza walikuwa Galilaya. Madhabahu ilikuwa Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100 kusini, safari ya siku kama tatu kwa miguu. Kuiacha sadaka pale, kurudi nyumbani kupatana na ndugu, kisha kupanda tena hadi hekaluni: hiyo ni karibu wiki nzima barabarani, na mnyama wa sadaka amefungwa anakusubiri. Nadhani waliosikia walitazamana. Agizo halitekelezeki kirahisi, na naamini ndivyo lilivyokusudiwa lisikike. Ukijua gharama ya kurudi, utaanza kupatana kabla hujafunga safari.

Wale wazee wa jangwani, watawa wa kale wa Misri, walilielewa hili kwa njia ya uzoefu. Evagrio wa Ponto, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliandika sura fupifupi juu ya sala, na katika mojawapo anasema kwamba yote uliyoyatenda kujilipizia kisasi kwa ndugu aliyekukosea yatakuwa kikwazo kwako saa ya kusali. Kwake hasira ndiyo ilikuwa adui mkuu wa sala, kuliko hata usingizi. Yohane Kasiano, aliyeyapeleka mafundisho ya jangwani hadi Gaul, Ufaransa ya leo, ana wazo la jirani na hilo: tuwe kabla ya sala vile tunavyotaka kuwa ndani ya sala, kwa maana roho inaposali hufuata hali iliyokuwa nayo kabla.

Hakuna haja ya kwenda jangwani kulithibitisha. Umejibizana na mtu mchana. Usiku unapiga magoti, "Baba yetu uliye mbinguni," na kabla hujafika kwenye mkate wa kila siku umesharudi kwenye ule ubishi, na safari hii unashinda. Jibu uliloshindwa kulipata mchana sasa limekuja, kali, limepangika. Unamweleza Mungu jinsi yule mtu alivyo. Unafika hatua ya kumtolea Mungu ushahidi. Ukisema amina, umetumia robo saa kusikiliza kesi uliyokuwa mlalamikaji, wakili na hakimu. Ule muda ulipita na Mungu hakupata nafasi ya kuweka neno.

Ndiyo maana Paulo, anapomwandikia Timotheo juu ya kusali, anataka mikono inayoinuliwa iwe imetakata, "pasipo hasira wala majadiliano" (1 Timotheo 2:8). Naye Petro anawaonya waume waishi na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe" (1 Petro 3:7). Aya hii ya pili husomwa mno kwenye harusi, na harusini watu huwa wametulia, wamependeza. Ingefaa isomwe pia kwenye mikesha ya maombi, mbele ya mzee wa kanisa anayenguruma kwenye kipaza sauti huku mkewe hajasemeshwa tangu juzi.

Manabii waliihamisha hoja hii kutoka chumbani hadi sokoni. Katika Isaya 1:15 Mungu anasema: "naam, mwombapo maombi mengi sitasikia, mikono yenu imejaa damu." Katika Isaya 58 watu wanalalamika, "Mbona tumefunga, lakini huoni?" na jibu wanalopewa linahusu namna wanavyowatendea watu wanaowafanyia kazi, siku ileile ya kufunga. Mithali 21:13 inasema anayeziba masikio asisikie kilio cha maskini, "yeye naye atalia, lakini hatasikiwa."

Kisha yuko Yakobo. Katika sura ya 5 anawageukia matajiri waliozuia ujira wa vibarua waliovuna mashamba yao, na anasema ule ujira wenyewe unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ningependa tukae hapa kidogo. Mwajiri anasali asubuhi, anaomba mavuno, anaomba baraka juu ya kazi ya mikono yake, na mikono iliyovuna si yake. Kibarua naye anasali, kama ana nguvu iliyobaki ya kusali. La sivyo, analia tu. Sala hizi mbili zinaelekea sikio moja. Je, tunategemea nini kitatokea zikifika pamoja? Yakobo huyohuyo ndiye aliyesema katika sura ya 4, "mwaomba, wala hampati kwa sababu mwaomba vibaya, ili mvitumie kwa tamaa zenu." Tunapenda kuzisoma sura hizi mbili mbalimbali, ya kwanza kama somo la maombi na ya pili kama somo la haki za wafanyakazi. Zimefuatana kwenye barua moja.

Upande wa pili yuko Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi, mtu wa mataifa. Malaika anamwambia (Matendo 10:4), "Sala zako na sadaka zako zimefika juu na kuwa ukumbusho mbele za Mungu." Zimefika pamoja, kama mzigo mmoja. Sioni mahali popote katika sura ile alipowahi kuzitenganisha.

Hapa mtu makini ataniuliza: basi tunanunua majibu kwa matendo mema? Tukiwa wema vya kutosha, Mungu atawajibika kutusikia? Yesu alilijibu hilo mapema kwa mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, Luka 18. Ule mfano tumeusikia mpaka umepoteza makali, kwa hiyo nitasema jambo moja tu: Farisayo hakudanganya. Alifunga mara mbili kwa juma, wakati Torati ilikuwa imeamuru siku moja tu ya kujitaabisha kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Alitoa zaka za mapato yake yote. Alikuwa mtu wa matendo, na matendo yake yalikuwa ya kweli. Aliharibikiwa pale alipogeuza shingo kumtazama aliyesimama nyuma, "wala kama huyu mtoza ushuru." Luka anasema mfano ulilenga watu waliojiamini kuwa wenye haki *na kuwadharau wengine*. Dharau ikiingia kwenye sala, yale matendo mema yanakuwa chakula chake. (Nawe uliyesoma hapa ukamshukuru Mungu kwamba wewe si kama yule Farisayo, karibu katika chama. Tuko wengi.)

Sasa, mtazamo mwema usidhaniwe kuwa ni uso wa upole. Hilo ni kosa la upande mwingine, na limewaumiza watu. Hana, katika 1 Samweli 1, alisali kwa uchungu hadi kuhani Eli akamdhania kuwa amelewa. Hakuna aliyemwambia arudi akishatulia. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila aya ya kushukuru mwishoni, na bado iko kwenye kitabu cha sala. Ayubu alimwambia Mungu maneno ambayo ningeogopa kuyarudia, na mwishoni Mungu anawakemea rafiki zake waliomtetea Mungu, akisema hawakunena yaliyonyoka kama Ayubu. Kwa hiyo hasira ya kumwelekea Mungu, ikisemwa mbele yake, Biblia inaivumilia kuliko tunavyoivumilia sisi. Ile ya kumdhulumu ndugu, iliyovikwa wimbo wa sifa, ndiyo isiyovumiliwa.

Na kuna namna moja ya kumdhulumu ndugu ambayo hutendeka ndani ya maombi yenyewe. Nimekaa kwenye vikundi vya maombi vya kutosha kuitambua inapoanza. Mtu anainamisha kichwa: "Bwana, tunamkumbuka dada yetu, wewe unajua yanayoendelea nyumbani kwake, unajua yule mtu anayemtembelea jioni…" Hakuna aliyejua, isipokuwa Bwana. Sasa wanajua wote, na hakuna anayeweza kukemea kwa kuwa ni maombi. Ni usengenyaji uliofumba macho. Kuna na ile ya kuwaombea watu waanguke, waaibike, wateketee. Wanafunzi wa Yesu, Yakobo na Yohana, walitaka kufanya hivyo hasa: kijiji cha Wasamaria kilipowakataa, wakauliza kama waagize moto ushuke kutoka mbinguni (Luka 9:54). Walikuwa na imani, hilo halina shaka. Hawakuuliza kama moto ungeshuka. Yesu akawageukia akawakanya.

Juu ya mwili nitasema machache. Watu hubishana mno kuhusu kupiga magoti, kusimama, kuinua mikono. Danieli alipiga magoti, mtoza ushuru alisimama, Yesu kule Gethsemane alianguka kifudifudi. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, kwenye kanuni yake ya mwisho, ya 20, uliagiza Wakristo wasali wakiwa wamesimama siku za Jumapili na kipindi cha Pentekoste. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alitoa maelezo ninayoyapenda: Mungu hahitaji magoti yetu ili ajue moyo unataka nini, lakini mtu hujiamsha mwenyewe kwa kupiga magoti. Mwili huusaidia moyo. Yatosha.

Kinachobaki ni matendo ya baada ya amina, na hapo Nehemia ni mwalimu mzuri. Maadui walipopanga kuushambulia Yerusalemu, yeye na wenzake walimwomba Mungu, na wakaweka walinzi mchana na usiku (Nehemia 4:9). Sentensi moja, vitendo viwili. Sala ya kweli ina tabia hiyo ya kumtuma aliyeisali. Ukiomba kwa bidii Mungu amfariji mfiwa fulani, usishangae ukijikuta unavaa viatu. Yakobo, yule wa barua, alimcheka mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa, enendeni kwa amani, mkaote moto na kushiba. Hayo ni maneno mazuri kabisa ya baraka. Ungeweza kuyamalizia ibada.

Lazima niseme pia jambo ambalo aya hizi zote hutumiwa vibaya kulifanya. Mtoto wa mtu anaumwa, watu wanaomba, mtoto hapati nafuu. Ndipo anatokea mjuzi: chunguza maisha yako, kuna kitu kinazuia maombi. Ana aya tayari, tena ni zilezile nilizozinukuu. "Kama ningaliwaza maovu moyoni mwangu, Bwana asingesikia," Zaburi 66:18. Mimi namwona mtu huyo ni mkatili, hata akisema kwa sauti ya chini. Mtunga zaburi alisema moyoni *mwangu*. Aya hizi kila mtu amepewa za kujipimia mwenyewe, na hakuna iliyotolewa kwa ajili ya kumpimia aliyelala hospitalini. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe na haukuondolewa. Yesu aliomba kikombe kimwepuke, naye ndiye mtu pekee ambaye Wakristo wote wanakubaliana kwamba hakuwa na kizuizi chochote moyoni. Alikinywa. Rafiki zake Ayubu walikuwa wajuzi wa aina hii, na waliambiwa waende kwa Ayubu ili yeye ndiye awaombee. Ayubu akawaombea, bado akiwa katika hali yake, na andiko linasema Mungu aligeuza uteka wake hapo alipowaombea rafiki zake, watu ambao kwa sura nyingi mfululizo walikuwa wakimwambia kwamba yaliyompata ni stahili yake.

Swali ninaloulizwa mara nyingi, na ambalo kwa kweli najiuliza mwenyewe, ni hili: na kama yule ndugu hataki kupatana? Au amekufa? Au alinitenda ukatili ambao kumrudia ni hatari? Paulo aliwaandikia Warumi (12:18), "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Ameweka masharti mawili katika sentensi fupi: kama yamkini, na kwa upande wenu. Anajua kuna upande wa pili usio mikononi mwetu, na kuna yasiyo yamkini. Aliyepigwa hatakiwi arudi chini ya fimbo ndipo asali. Anayebisha hodi kwa nia njema na kufungiwa mlango ameshatimiza upande wake, na mlango ule si madhabahu. Ile amri ya Mathayo 5 ina kipande cha mwisho ambacho watu wenye dhamiri nyepesi kuumia hukisahau, wakakaa mbali na sala mwaka hadi mwaka wakingoja wawe safi kwanza: kisha urudi. Sadaka bado iko pale ulipoiacha.